Barua ya wazi kwa wasimamizi wa ushindani: hesabuni na mageti ya kazi

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Viwanda na Biashara, na Mkurugenzi Mkuu wa Tume ya Ushindani (FCC).

Nakala kwa Waziri mwenye dhamana ya kazi na ajira, na kwa viongozi wa TUCTA, shirikisho la vyama vya wafanyakazi.

YAH: SHERIA YA USHINDANI NA UJIRA WA MFANYAKAZI

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Nilikuwa karani wa mizani katika kiwanda cha kuchambua pamba, Kanda ya Ziwa, kwa misimu kumi na minne. Mji wetu ulikuwa na viwanda viwili vya aina hiyo, vimetazamana, barabara ya vumbi katikati. Kila mwaka msimu ulipokaribia, kila kiwanda kilitundika getini ubao wa malipo ya vibarua: kiasi gani kwa robota kwa timu ya kushindilia, kiasi gani kwa gunia la mbegu kwa wabebaji, kiasi gani kwa siku kwa akina mama wa kufagia na kuokota pamba iliyomwagika. Watu walifika alfajiri, wakasoma ubao wa upande huu, wakavuka barabara, wakasoma wa upande ule.

Asubuhi moja nilimwona meneja wetu akitoka ofisini na kipande cha chaki, akafuta tarakimu ubaoni kwa kiganja, akaandika nyingine, shilingi hamsini zaidi kwa robota. Timu nzima ya washindiliaji ilikuwa imesimama ng'ambo, imetupa mgongo. Hapakuwa na mgomo siku hiyo, wala afisa kazi hakufika. Kilichopandisha ujira ni ile barabara na geti la pili.

Baadaye mwenye kiwanda cha ng'ambo aliuza, na aliyenunua ni tajiri wetu. Kiwanda kile kiliendeshwa msimu mmoja tu, kisha mashine zikang'olewa zikapakiwa kwenye malori, ukabaki ukuta na mti wa mwarobaini. Msimu uliofuata ubao wetu ulitundikwa kama kawaida. Malipo yalikuwa yale yale ya mwaka uliotangulia, ilhali unga na nauli vilikuwa vimepanda. Watu walisoma, wakageuka kutazama ng'ambo kwa mazoea, kisha wakaingia ndani wakachukua namba zao. Mpaka naondoka pale, sikumwona tena meneja akitoka na chaki.

Nimeifikiria sana asubuhi ile tangu nilipoanza kusoma Sheria ya Ushindani, Namba 8 ya mwaka 2003. Kifungu chake cha 3 kinaeleza lengo: kuinua ustawi wa watu wa Tanzania kwa ujumla wao, kwa kukuza na kulinda ushindani katika masoko na kuzuia mienendo ya hila na udanganyifu. Ni maneno mazuri, na niliposoma "watu wa Tanzania kwa ujumla" nilijua na washindiliaji wetu wamo. Kisha kifungu kinataja njia za kufikia ustawi huo: kuongeza ufanisi katika kuzalisha, kusambaza na kutoa bidhaa na huduma, kuhamasisha ubunifu, kuhakikisha rasilimali zinagawanywa vizuri, na kumlinda mlaji. Mfanyakazi hakutajwa. Sheria hiyo hiyo iliunda na baraza la kumtetea mlaji. La kumtetea anayezalisha kile mlaji anachonunua halimo.

Najua jibu ambalo watu wengi hulitoa hapa: mfanyakazi naye ni mlaji, bei zikishuka naye atafaidi. Ni kweli kwa kiasi chake. Lakini tazameni kiwanda chetu. Mkulima alikuwa na bei dira iliyotangazwa mwanzo wa msimu. Pamba nyuzi yetu, sehemu kubwa husafirishwa nje, na bei yake hutoka soko la dunia, haitoki mjini kwetu. Kwa hiyo hata muungano ule wa viwanda viwili ungechunguzwa na Tume kwa makini yote, swali likiwa "je, mlaji wa Tanzania atauziwa ghali?", jibu lingekuwa hapana, na mhuri ungegongwa kwa haki kabisa. Waliopoteza ni wale waliozoea kuvuka barabara, na fomu ya maombi ya muungano haina mahali pa kuwaandika.

Mfanyakazi ni muuzaji, Waheshimiwa. Anauza kazi yake, na mwajiri ndiye mnunuzi. Muuzaji akibaki mmoja sokoni, bei humuumiza mnunuzi. Sheria yetu inalijua hilo vizuri na imeweka vipimo vyake. Mnunuzi akibaki mmoja, bei humuumiza muuzaji. Ni mizani ile ile, ila sahani iliyoelemewa ni nyingine. Na anayeuza kazi yupo pabaya kuliko anayeuza mahindi, maana mahindi yakikosa bei nzuri leo yanaweza kusubiri ghalani mpaka mwezi ujao. Siku ya kazi ikipita haijauzwa, imepita.

Wakulima wa pamba waliliona jambo hili kabla hatujawa na Tume yoyote. Malalamiko yao makubwa zama za mkoloni yalikuwa juu ya wanunuzi na mizani zao. Mwaka 1952 Paul Bomani na wenzake wakaunda chama cha wakulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa, na mwaka 1955 vyama vya ushirika vya eneo hilo vikaungana katika shirikisho lililobeba jina la Victoria. Waliungana ili wasimame mbele ya mnunuzi kama sauti moja. Mimi niliyekaa kwenye mizani miaka yote ile naelewa kwa nini walianzia hapo. Anayeshika mizani peke yake hahitaji hata kuiba. Inatosha kwamba huna pengine pa kupeleka mzigo wako.

Nije kwenye jambo lililo karibu yenu zaidi. Oktoba 2021 kampuni ya Scancem, tanzu ya Heidelberg yenye hisa nyingi katika Twiga Cement, ilitangaza mpango wa kununua asilimia 68.33 ya hisa za Tanga Cement. Tume iliidhinisha mwaka 2022, na Septemba mwaka huo huo Baraza la Ushindani, linalosikiliza rufaa dhidi ya Tume, likautengua uamuzi, kwa hoja ya sehemu ya soko: sheria ilivyotungwa mwaka 2003 iliweka mstari wa asilimia 35 ya soko, ambao kampuni ikiuvuka iliweza kuhesabiwa kuwa inalitawala soko, na kampuni hizo mbili zikijumlishwa zilikuwa zinauvuka. Baadaye maombi yakarudi upya, Bunge likazungumza, magazeti yakaandika miezi na miezi. Sitaki kurudia kesi ile hapa; wapo wanaoijua kuliko mimi. Ninachosema ni kwamba nilifuatilia kila nilichoweza kukipata, na mjadala ulikuwa wa asilimia za soko na bei ya mfuko wa saruji. Kila mtu alijua mfuko unauzwaje. Mimi nilikuwa namtafuta fundi wa Pongwe, kilipo kiwanda cha Tanga Cement. Kama kampuni mbili kati ya chache zinazoajiri mafundi wa tanuri la saruji zinakuwa chini ya tajiri mmoja, fundi wa tanuri akitaka nyongeza atamtishia mwajiri kwa kuhamia wapi? Hilo nalo ni swali la ushindani. Linastahili kuulizwa na kujibiwa kwa tarakimu, kama la mfuko lilivyojibiwa.

Tena soko la saruji na soko la anayeitengeneza hayana ukubwa mmoja. Lori la saruji linakwenda mikoa mitatu kwa siku mbili. Kibarua, soko lake linaishia pale anapoweza kufika kwa baiskeli au daladala kabla king'ora hakijalia. Mkipima muungano kwa ramani ya nchi nzima mtaona viwanda vingi na ushindani wa kutosha. Mkishuka hadi kata moja mtakuta geti moja. Kuna miji yetu mingi inayoishi kwa mwajiri mmoja mkubwa: ya miwa, ya chai, ya mkonge. Huko watu hawasemi "natafuta kazi", wanasema "nasubiri niitwe".

Kuna neno moja katika kifungu cha 3 ambalo naomba mlitazame upya, nalo ni ufanisi. Mtu anayetaka kununua mshindani wake ataandika kwamba muungano utaleta ufanisi. Mara nyingine ni kweli: mashine mbili zilizokuwa zikifanya kazi nusu siku zinakuwa moja inayofanya siku nzima, umeme unapungua, pamba inasafishwa vizuri zaidi. Huo ni utajiri mpya, nami siupingi. Lakini kuna "ufanisi" mwingine ambao ni mtu yule yule, kazi ile ile, saa zile zile, kwa malipo madogo kwa sababu hana pa kwenda. Hapo hakuna kilichozalishwa zaidi. Fedha imetolewa mfuko mmoja ikatiwa mfuko mwingine, na kwenye vitabu vya hesabu ufanisi wa aina zote mbili unaandikwa kwa jina moja la kupungua gharama. Nimeandika vitabu hivyo, najua vinavyoonekana. Mkaguzi wa Tume akidai mchanganuo, gharama ipi imepungua na kwa njia gani, tofauti itajitokeza kwenye ukurasa wa kwanza.

Na si miunganiko tu. Tulikuwa na fundi wa mashine za kuchambulia, mtu ambaye akiwa nje anakunywa chai angeweza kusikia rola imeanza kuchoka, akaweka kikombe chini na kuingia. Aliomba kazi katika kiwanda cha wilaya jirani. Walimtaka, wakamwonyesha na nyumba ya kukaa, kisha wakasema alete barua ya ruhusa kutoka kwa mwajiri wake. Mimi nilikuwa ofisini simu ilipopigwa. Meneja wetu alisema: "Huyo ni wangu. Mimi sichukui watu wako, na wewe usinichukulie wangu." Wakacheka kidogo, wakaulizana habari za mvua, simu ikakatwa. Fundi hakupewa barua, wala hakuambiwa kwa nini. Alibaki kwa mshahara ule ule miaka minne mingine, akiamini kwamba wale wa jirani walibadili mawazo tu.

Je, wale mameneja wawili wangepigiana simu kukubaliana bei ya mafuta ya mbegu za pamba, tungeita nini? Sheria yenu inakataza washindani kupanga bei kwa pamoja, na adhabu yake ni nzito. Kukubaliana kutochukuliana watu ni kupanga bei ya mtu.

Wenzetu wameanza kuliona. Marekani, mwaka 2010, Wizara ya Sheria iliyabana makampuni makubwa ya teknolojia, yakiwemo Apple, Google, Intel na Adobe, kwa makubaliano ya kutochukuliana wahandisi. Mwaka 2015 hayo manne yakamaliza kesi ya wafanyakazi wenyewe kwa dola milioni 415. Kama mhandisi wa California mwenye mshahara mnono anaweza kuumizwa na simu ya namna ile, fundi wetu angejiteteaje? Ulaya nao, Juni 2025, Tume ya Umoja wa Ulaya ilizitoza Delivery Hero na Glovo, kampuni za kupeleka vyakula majumbani, jumla ya yuro milioni 329, na miongoni mwa makosa yaliyotajwa ni makubaliano ya kutoajiri watu wa upande wa pili. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Tume hiyo kuadhibu njama ya soko la ajira. Pikipiki zenye mabegi ya Glovo zinazunguka Nairobi na Kampala, kwa hiyo si habari za mbali sana.

Lakini Marekani hiyo hiyo inatufundisha na tahadhari, na hapa naomba mnisikilize kwa makini, maana sitaki ombi langu ligeuke kuwa fimbo ya kumpigia ninayemtetea. Sheria yao ya kwanza dhidi ya ukiritimba ilipita mwaka 1890. Ilikusudiwa kwa matajiri wa reli, mafuta na sukari, lakini haikuchukua muda kabla haijaelekezwa kwa wafanyakazi. Mwaka 1908 Mahakama ya Juu yao iliamua kwamba chama cha watengeneza kofia kilichokuwa kimehamasisha watu wasinunue kofia za mwajiri mmoja wa Danbury kinaweza kushtakiwa kwa sheria hiyo hiyo, eti wamezuia biashara. Ilibidi Bunge lao liandike upya mwaka 1914, kwa maneno yasiyo na kona, kwamba kazi ya binadamu si bidhaa, na kwamba kuwepo kwa chama cha wafanyakazi si njama.

Kwetu naomba jambo hilo liwekwe wazi mapema, hasa kwa wale ambao sheria ya kazi haiwatambui kama waajiriwa, kama madereva wa programu za simu. Mwaka 2022 LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, ilipoweka kikomo cha kamisheni ambayo kampuni za usafiri wa programu za simu humkata dereva, asilimia 15, Uber ilisimamisha huduma zake nchini. Dereva wa bajaji anayekaa chini na wenzake mia mbili kudai nauli ya haki, kila mmoja akiwa na chombo chake, mwanasheria hodari anaweza kumwita mfanyabiashara anayepanga bei na washindani wake. Ingekuwa dhuluma. Wanyonge wanaoungana mbele ya mnunuzi mmoja wanafanya kile Bomani alichofanya, na Tume iseme hivyo kwa maandishi kabla mtu hajaburutwa.

Najua Mkurugenzi Mkuu anaweza kunijibu kwamba mfanyakazi ana sheria yake, ile ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, na kila ofisi ishughulike na lake. Nimeishi na sheria hiyo, nimekaa vikao vya kupunguzwa watu nikiwa mwandika kumbukumbu. Inamtaka mwajiri atoe taarifa, aeleze sababu, ashauriane. Lakini inafika baada ya muungano kuidhinishwa. Wakati huo uamuzi umeshafanyika ofisi nyingine, na kinachojadiliwa ni nani anaanza kuondoka. Malipo ya kuachishwa yanayotajwa humo ni angalau mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliotimia, usiozidi miaka kumi. Piga hesabu: siku sabini. Mzee aliyeshindilia marobota miaka ishirini na mitano anapewa siku sabini sawa na aliyekaa kumi. Na wale vibarua wa msimu, ambao mkataba wao hufa kila mwisho wa msimu, siku sabini hizo wanazisikia kwa jirani.

Kinachotakiwa ni mfanyakazi aonekane kabla ya mhuri. Afrika Kusini waliandika hivyo tangu mwaka 1998. Sheria yao ya ushindani inataja kukuza ajira miongoni mwa malengo yake, na inawalazimu wanaotaka kuungana wakipe chama cha wafanyakazi nakala ya taarifa ya muungano. Pasipo chama, wapewe wafanyakazi au wawakilishi wao. Haikubaki karatasini. Walmart, kampuni kubwa ya maduka ya Marekani, ilipotaka kununua sehemu kubwa ya Massmart ya huko, chama cha wafanyakazi wa maduka, SACCAWU, kiliingia kwenye shauri na kuhoji. Baraza lao liliidhinisha mwaka 2011 kwa sharti la kutopunguza watu kwa miaka miwili kwa sababu ya muungano. Chama hakikuridhika, kikakata rufaa, na Machi 2012 mahakama ikaamuru wafanyakazi 503 waliokuwa wamepunguzwa mwaka 2010, kabla mpango haujakamilika, warudishwe kazini. Watu mia tano na watatu, wenye majina na watoto shuleni. Na biashara ilifanyika, Walmart hakukimbia.

Kenya nao, kwenye sheria yao ya mwaka 2010, wameitaja ajira miongoni mwa mambo ya kuangaliwa wakati wa kupima muungano. Sisi tuna jumuiya moja nao, na wawekezaji wetu wanavuka mipaka kila upande: Amsons wa hapa kwetu walikamilisha kuinunua kampuni ya saruji ya Bamburi ya Kenya Desemba 2024. Sioni kwa nini mfanyakazi wa upande mmoja wa Namanga atajwe kwenye sheria na wa upande wa pili asitajwe.

Kwa hiyo naomba, Mheshimiwa Waziri, kifungu cha 3 kirudi bungeni na neno ajira liingie humo, karibu na neno mlaji. Hilo ni la muda mrefu na najua Bunge lina ratiba yake. Lakini mengine hayahitaji Bunge. Tume inaweza, kwa fomu zake yenyewe, kumtaka anayeomba muungano aeleze ana wafanyakazi wangapi wa kudumu na wa msimu, wako wapi, na ni waajiri gani wengine wa kazi hiyo hiyo walio katika umbali wa kwenda na kurudi kwa siku. Inaweza kutoa mwongozo unaosema kwamba kupanga mishahara na kutochukuliana watu ni makosa kama kupanga bei ya sukari. Na pale inapoweka sharti la kulinda ajira, irudi baada ya mwaka kuhesabu watu, na isihesabu kwa kupokea barua ya meneja peke yake. Ikague daftari la mishahara. Sisi makarani tunajua daftari lipi ni la wageni na lipi ni la kweli. Aje mtu anayejua kuuliza.

La mwisho ni dogo kuliko yote, na linaweza kuanza wiki hii. Kuna siku mtapokea maombi ya kiwanda kimoja kununua kingine katika mji wenye mageti mawili. Pamoja na tangazo la gazetini, tumeni karatasi moja ya Kiswahili ibandikwe getini, pale pale unapotundikwa ubao wa malipo, yenye jina la mnunuzi, tarehe ya mwisho ya maoni, na namba ya simu ambayo mtu wa Tume ataipokea. Saa kumi na moja na nusu alfajiri watakuwepo watu wa kuisoma.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Aliyekuwa karani wa mizani,
Kanda ya Ziwa